Pesa inapita Kasindi: usalama unabaki?



Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Mungu, bomu lililipuka katikati ya ibada ya ubatizo katika kanisa la CEPAC, Kasindi. Watu zaidi ya 10 walikufa, makumi wakajeruhiwa. Jimbo letu lilikuwa chini ya état de siège tangu Mei 2021, na majeshi ya Kongo na Uganda yalikuwa yakipigana pamoja dhidi ya ADF tangu Novemba 2021. Pesa za vita zilikuwa zinatoka. Swali letu ni hili: zinafika wapi, na zinamlinda nani?

Mwaka 1994 PNUD, shirika la Umoja wa Mataifa, ilieleza kwamba usalama wa mwanadamu unagusa pia chakula, afya, kipato na mazingira. Sisi watu wa Beni tunalijua hilo kwa maisha yetu. Mama akiacha kakao ioze shambani kwa kuogopa kuuawa, watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shule, na mgonjwa anakosa dawa.

Kasindi si mahali pa umaskini. Malori yanaingia kutoka Uganda, duane inakusanya kodi. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na ikatwe palepale inapokusanywa. Kwa matendo, pesa inapanda Kinshasa kwanza, halafu jimbo linangoja kurudishiwa sehemu yake, mara nyingi kwa kuchelewa na ikiwa imepungua. Aliyelima anakaa mlangoni akiomba chakula.

Hata pesa ya jeshi ina matundu. Juni 2021, akiwa Bunia, Rais Tshisekedi mwenyewe alikiri kwamba kuna ulaji ndani ya jeshi. Askari asiyepata haki yake anaweka kizuizi barabarani, na raia ndiye analipa mara ya pili.

Tofauti inaonekana pesa ikigeuka kazi. Barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, ilianzishwa Juni 2021 pamoja na Uganda. Barabara nzuri inafikisha mgonjwa hospitali, mazao sokoni, na askari kule wanakoitwa usiku.

Nehemia alipokuwa liwali alikataa posho yake kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Huo ndio mfano wa kuwaonyesha viongozi wetu. Kila mbunge akija kutusalimu, wazee wa kanisa wamuulize: asilimia 40 iko wapi? Askari wa hapa walilipwa lini? Ni mashamba mangapi yamefunguliwa tena mwaka huu?

Tuwaombee viongozi, na tuwaulize hesabu. Waliokufa wakisubiri ubatizo wanatudai yote mawili.