Mkimbizi Hapimwi kwa Kalenda



Katika vikao vyetu hapa Toronto, harusini na matangani, kuna usemi ambao hatuwezi kuendelea kuunyamazia. Wenzetu ambao makaratasi yao yalikwisha kunyooka wanasema: mkimbizi wa kweli huomba hifadhi siku anayotua, anayekaa mwaka mzima ndipo aombe, huyo ni mwongo.

Usemi huo umepata nguvu Ottawa. Juni 2025 serikali ilipeleka bungeni mswada C-2, na Oktoba pendekezo lile lile likarudi ndani ya mswada C-12. Lilisema hivi: aliyeingia Kanada baada ya tarehe 24 Juni 2020, akaomba hifadhi baada ya mwaka mmoja kupita tangu alipoingia mara ya kwanza, kesi yake isipelekwe mbele ya Bodi ya Uhamiaji na Wakimbizi.

Sisi tunasema kanuni hiyo ni mbovu, na sababu tunazo.

Kwanza, mfikirieni kijana wa Goma aliyekuja kusoma mwaka 2022. Alikuja kwa viza halali, akilipa ada, akinuia kurudi kwao. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji wake. Kijana huyu amegeuka mkimbizi akiwa darasani, lakini kwa kalenda ya Ottawa muda wake uliisha mwaka 2023. Atachelewaje kukimbia jambo ambalo lilikuwa halijatokea?

Pili, mfikirieni mwanamke anayepigwa na mumewe. Pasipoti yake imefungiwa kabatini. Kila siku anaambiwa kwamba akipiga simu polisi atarudishwa kwao, na huko ndugu za mume wanamsubiri. Mwanamke huyu hahesabu miezi. Anahesabu njia za kutoka mlangoni. Machi 1993 Kanada ilikuwa nchi ya kwanza duniani kutoa mwongozo wa kusikiliza kesi za wanawake wanaoteswa kwa sababu ni wanawake. Leo tumwambie amechelewa? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Tutajibiwa kwamba bado ipo tathmini ya hatari kabla mtu hajarudishwa kwao. Ni kweli, ipo. Lakini mara nyingi ofisa husoma karatasi tu, hamwoni mtu. Tarehe 4 Aprili 1985, katika kesi ya Singh, Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba pale ambapo ukweli wa mwombaji ndio unaobishaniwa, lazima asikilizwe kwa mdomo wake. Hofu haisomeki vizuri kwenye fomu.

Tutaambiwa pia foleni ni ndefu. Nayo ni kweli: mwishoni mwa 2024 maombi zaidi ya 250,000 yalikuwa yakisubiri. Lakini sisi tuliosomea uhandisi tunajua kwamba daraja likielemewa na magari, huongezwa njia. Hazing'olewi kingo zinazozuia watu wasitumbukie mtoni. Waajiriwe waamuzi zaidi, kesi zilizo wazi ziamuliwe upesi, na mwongo akataliwe baada ya kusikilizwa, si kabla.

Tena tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Kanada iliwapokea zaidi ya 6,000. Kiangazi cha 2023, Waafrika waliokuja kuomba hifadhi walipolala barabarani mtaa wa Peter, katikati ya jiji hili, makanisa ya watu weusi ndiyo yaliyowafungulia milango. Hayakuuliza tarehe ya kuingia.

Basi, kila mwenye kura amwandikie mbunge wake, aseme wazi kwamba kanuni hii haitaki. Na kila anayemjua ndugu mwenye hofu moyoni ampeleke kwa mwanasheria wiki hii, bila kumuuliza alikuwa wapi siku zote.