Kuhudumia Maiti Ni Taaluma: Tuifundishe na Tuiheshimu



Sisi Watanzania ni watu wa kuzikana. Msiba ukitokea mtaani, turubai hufungwa hata kabla ya jua kuchwa, majirani huchanga, kina mama hushika masufuria, vijana huchukua majembe kwenda kuchimba kaburi, na mwenye gari hulitoa. Katika hayo hatuna upungufu. Lakini kati ya saa mtu anapokata roho na saa jeneza linapoteremshwa kaburini, ipo kazi moja ambayo tumewaachia watu wachache, nyuma ya jengo la hospitali, na wengi wetu hatutaki hata kujua inavyofanyika. Ni kazi ya mochwari. Nawaomba tuitoe huko tulikoificha, tuifundishe darasani, na tuwape hadhi wanaoifanya.

Waulizeni wahudumu wa mochwari walianzaje. Wengi watawaambia waliajiriwa kufanya usafi, kulinda geti au kusukuma machela. Pengo likatokea, wakaambiwa wasaidie kwa muda, muda ule ukawa miaka. Aliyewaelekeza naye alielekezwa vivyo hivyo na aliyemtangulia. Wameshika kazi kwa bidii na kwa imani, na taifa linawadai shukrani. Ila bidii haiwezi kujaza nafasi ya elimu katika kazi inayogusa kemikali kali, magonjwa ya kuambukiza, sheria za nchi na nyoyo zilizojeruhiwa.

Tazameni kazi yenyewe. Katika joto letu, mwili huanza kuharibika ndani ya saa chache. Jokofu la nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi hupunguza kasi ya uharibifu, haliuzuii kabisa. Nasi wengi hupenda kuzikwa kwetu. Anayefia Dar es Salaam husafirishwa zaidi ya kilomita 500 hadi Moshi, au zaidi ya kilomita 1,300 hadi Bukoba, tena juani, wafiwa wakiwa ndani ya gari hilo hilo. Mwili wa safari ya namna hiyo hupigwa dawa: formalini huingizwa kwa ateri kubwa, ya shingoni au ya pajani, ikasambaa mwilini huku damu ikitolewa. Dawa ikipungua, mwili huharibika njiani. Ikizidi, ngozi hukakamaa na rangi ya uso hubadilika, na mama aliyekuja kumuaga mwanawe akashindwa kumtambua. Kipimo kinategemea uzito wa marehemu, ugonjwa uliomuua na saa zilizopita tangu afariki. Mtu hawezi kuyakisia hayo. Anapaswa kuwa amesoma anatomia na kemia, akafanya mazoezi chini ya mwalimu.

Dawa hiyo hiyo inamdhuru anayeitumia. Mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba formaldehidi, kemikali iliyomo ndani ya formalini, husababisha saratani kwa binadamu. Mhudumu anayefanya kazi katika chumba kisichopitisha hewa, bila barakoa inayofaa, anaivuta kila siku. Damu anayoishika inaweza kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao una chanjo ya dozi tatu zinazokamilika kwa takribani miezi sita. Hata kuugeuza mwili wa aliyekufa kwa kifua kikuu kunaweza kusukuma hewa kutoka mapafuni na kurusha vimelea. Aliyefundishwa anajua hayo, anajikinga, na anawakinga wafiwa waliosimama mlangoni.

Mkoa wa Kagera umekwisha kutupa funzo. Ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa huko Machi 2023, ukarudi Januari 2025. Virusi vya Marburg, kama vile vya Ebola, huendelea kuambukiza kutoka kwenye mwili wa marehemu, na kuosha au kukumbatia maiti kumewaangamiza watu wengi Afrika. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa ikiua maelfu Liberia, Sierra Leone na Guinea, Shirika la Afya Duniani liliandaa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, likishirikiana na taasisi za Kikristo na za Kiislamu. Mwongozo huo unahitaji watu wa kuutekeleza, na watu hao hawafundishwi usiku mmoja baada ya mlipuko kutangazwa. Upande wa pili nao una uzito wake: miili ya walio wengi, hasa waliokufa kwa ajali, haileti mlipuko wa ugonjwa. Mhudumu aliyesoma anaijua tofauti. Hatawazuia wafiwa kumwosha ndugu yao kwa hofu isiyo na msingi, wala hatawaruhusu wajiue kwa mapenzi.

Kisha kuna siku za maafa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wakafa watu 228. Jamaa walipita kuwatambua ndugu zao, na ambao hawakutambuliwa wakazikwa kisiwani humo. Agosti 2019, lori la mafuta liliwaka moto Msamvu, Morogoro, likaua zaidi ya watu 100, na wengine waliungua kiasi kwamba ilibidi kutumia vinasaba kuwatambua. Kwa jirani zetu wa Kenya, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa kundi moja la kidini ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023, na familia za kwanza zilikabidhiwa wapendwa wao Machi 2024. Katika siku kama hizo, mtu anayejua kuandika lebo isiyofutika, kupiga picha ya alama za mwili, kuhifadhi nguo na pete pamoja na mwenye navyo, na kutunza rejesta bila kosa, ndiye anayeamua kama familia itazika mtu wake au itazika mtu wa wengine.

Kazi hii ina sheria zake pia. Kifo kinapaswa kuandikishwa ndani ya siku 30, na mjane asiye na cheti cha kifo atahangaika na mirathi, benki na mafao. Mwili wenye shaka ya jinai hauoshwi wala haupigwi dawa kabla daktari hajaufanyia uchunguzi, kwa kuwa maji na formalini hufuta ushahidi. Mhudumu asiyejua hilo anaweza kumwachia muuaji huru bila kukusudia.

Kuna wanaosema elimu ya darasani itaingilia dini na mila. Mimi naona itazilinda. Katika Uislamu, kumwosha maiti, kumkafini, kumswalia na kumzika ni fardhi kifaya: wakitekeleza baadhi, wengine hawana dhambi, wasipotekeleza hata mmoja, dhambi ni ya wote. Kanisa Katoliki nalo linahesabu kuzika wafu kuwa mojawapo ya matendo saba ya huruma ya kimwili. Dini zote mbili zimeuweka wajibu huu mabegani mwa jamii nzima. Mtaala mzuri utamfundisha mhudumu wa imani yoyote kwamba Mwislamu huoshwa mara witiri, kwa maji yenye majani ya mkunazi na mwishoni kafuri. Kwamba mwanamume huvishwa sanda ya vipande vitatu na mwanamke vitano. Na kwamba maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Kwa hili la mwisho tuwe wakweli: ni hospitali ngapi zina mhudumu wa kike mochwari? Kumwacha binti au mama yetu avuliwe nguo na mwanamume asiyemhusu, wakati tungeweza kumsomesha mwanamke wa kumsitiri, ni aibu yetu sote.

Tena tuache kuwatenga watu hawa. Tunasema mtu hawezi kazi ya mochwari bila kulewa. Tunakataa mkono wao, tunawahofia kwa ushirikina, watoto wao wanataniwa shuleni. Halafu msiba ukitufika, tunawasihi watutengenezee sura ya marehemu ipendeze. Wahenga walisema mwosha huoshwa. Anayebeba huzuni ya watu kila siku anahitaji mshauri nasaha, likizo na mshahara unaolingana na hatari anayoikabili, na anahitaji kusalimiwa kama binadamu mwenziwe.

Jambo hili linawezekana. Kenya imetangulia: Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha nchi hiyo, KMTC, kinatoa cheti cha sayansi ya mochwari. Nasi tunavyo vyuo vya afya, tunazo hospitali za rufaa, na tuna madaktari bingwa wa patholojia wanaoweza kufundisha. Kinachotakiwa ni sauti ya wananchi.

Kwa Wizara ya Afya na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi: wekeni mtaala wa ngazi ya cheti na stashahada wenye anatomia, udhibiti wa maambukizi, kemikali, sheria na kumbukumbu, desturi za dini na makabila, na namna ya kuzungumza na wafiwa. Waliopo kazini wapewe nafasi ya kwanza, na uzoefu wao uhesabiwe.

Kwa halmashauri na wakuu wa hospitali: msisubiri mtaala ili kununua glavu nene, miwani, barakoa za kemikali na mashine za kutoa hewa. Wachanjeni wahudumu wote dhidi ya homa ya ini. Andikeni nafasi za mochwari kwenye ikama ya watumishi zikiwa kazi zenye sifa zake.

Kwa viongozi wa dini: semeni mimbarini na altareni kwamba kazi hii ni ibada. Waosha maiti wa misikitini na wahudumu wa hospitali wakutanishwe, wafundishane usalama na adabu.

Kwa wazazi na vijana: anayependa biolojia, mwenye moyo thabiti na ulimi unaotunza siri, asikatishwe tamaa. Kuna kazi ya kuhifadhi miili, ya kusaidia uchunguzi wa vifo, ya kusimamia usafirishaji na ya kuongoza mazishi. Ni ajira halali, na haitakosa wateja katika mji wowote.

Na kwenu ninyi, wanachama wa vikundi vya kufa na kuzikana, ambao ndio nguzo ya misiba yetu: mnachanga kila mwezi kwa ajili ya sanda, jeneza, usafiri na chakula. Tengeni sehemu ndogo ya mfuko kumsomesha kijana mmoja, wa kike au wa kiume, hata ikibidi vikundi kadhaa vya kata moja viungane. Katika kikao chenu kijacho, wekeni jambo hili kwenye ajenda. Chagueni watu wawili waende hospitali ya wilaya, waonane na mganga mfawidhi, waulize maswali matatu: wahudumu wa mochwari wamefundishwa na nani, wanajikinga kwa vifaa gani, na yuko mwanamke miongoni mwao? Majibu yaandikwe, yapelekwe kwa diwani na kwa mbunge, na yafuatiliwe hadi yapate utekelezaji.