Makazi Si Kivuli cha Ajira

Kuna nasaha moja inayomfuata karibu kila msemaji wa Kiswahili anayehamia Marekani, awe ametoka Bukavu, Bujumbura, Mombasa au Tanga: akipata kazi, na ahamie karibu nayo. Hutolewa msikitini na kanisani, harusini na matangani, na hutolewa kwa mapenzi. Kazi iko nje ya mji, katika ghala lililo kando ya barabara kuu. Huko, wanasema, kodi ni nafuu, gari huegeshwa bure, na usiku ni kimya. Anayekataa nasaha hiyo, akabaki katika mtaa wa mjini wenye watu na kelele huku akisafiri kila siku kwenda kazini nje ya mji, huonekana mpenda anasa au mtu asiyejua hesabu. Nasaha hiyo ni mbovu. Hesabu yake imeiacha nje gharama kubwa kuliko zote, na historia inaipinga.

Ubovu huo unaonekana wazi Chicago. Kaskazini kabisa mwa jiji hilo, ukingoni mwa Ziwa Michigan, uko mtaa wa Rogers Park, na magharibi yake West Ridge. Barabara ya Devon inayopita huko ina maduka ya Wahindi na Wapakistani, mabucha ya nyama ya halali, na vibao vya heshima vinavyoiita kwa jina la Gandhi sehemu moja na la Jinnah sehemu nyingine. Kati ya mwaka 2016 na 2020, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ndiyo iliyoongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, na baadhi yao walipata makazi upande huu wa Chicago. Kiswahili cha Kivu kikakutana hapo na cha Burundi, cha Nairobi na cha Dar es Salaam, kwenye vituo vya basi, kwenye foleni za maduka na kwenye ngazi za fleti. Lakini kazi nyingi wanazozipata wageni, za maghala, za viwanda vya vyakula na za kutunza wazee, zimetawanyika katika miji midogo inayolizunguka jiji. Hapo ndipo nasaha inapoingia.

Kutawanyika huko hakukuanza jana. Mwaka 1968 mwanauchumi John Kain alichapisha utafiti uliotumia takwimu za Chicago na Detroit, akaonyesha kwamba ajira zilikuwa zikihamia nje ya miji huku Wamarekani Weusi wakizuiwa na ubaguzi wa makazi wasiweze kuzifuata. Watetezi wa nasaha wanaweza kuuchukua utafiti huo kama ushahidi wao: ikiwa kosa lilikuwa kuwazuia watu wasihame, basi leo mlango umefunguliwa, na wahame. Huko ni kuisoma dhuluma nusu. Walichonyimwa watu wale ni uamuzi juu ya mahali pa kuishi. Haki ya kuhama bila haki ya kubaki ni nusu ya haki, na anayelazimika kukifuata kila kiwanda kinakohamia bado hajaamua lolote.

Tena Chicago imekwisha kujaribu kuishi karibu na kazi, ikafikisha jambo hilo ukomo wake. Mwaka 1880 George Pullman, mtengenezaji wa mabehewa ya kulala, alianza kujenga kusini mwa jiji mji mzima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumba zilikuwa za matofali, zina maji, na bustani zilitunzwa. Wageni waliousifu mji huo walikuwa wengi, na hakuna mfanyakazi aliyeweza kuimiliki nyumba aliyolala. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1893, kampuni ilikata mishahara, kodi haikuishusha. Bwana mmoja alikuwa mwajiri na mwenye nyumba, na mkono wake wa kushoto ukachukua kile mkono wa kulia ulichopunguza. Mgomo wa mwaka 1894 uliotokana na hayo ulisimamisha reli katika sehemu kubwa ya nchi, na Rais Grover Cleveland akatuma wanajeshi kuuvunja. Mwaka 1898 Mahakama Kuu ya Illinois iliiamuru kampuni iuze nyumba zake. Kilichoonekana hapo ni hiki: makazi yakishaambatana na ajira, mfanyakazi hana tena mahali pa kusimama anapotaka kusema hapana.

Kwa Mkongo hadithi hii si ya kigeni. Kule Katanga, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliamua kuwaweka wachimbaji wake pamoja na familia zao katika kambi za kampuni. Shule, hospitali na chakula vilitoka mkono mmoja. Inafaa kukiri kwamba kambi hizo zilikuwa na uhai, na kwamba Kiswahili cha Katanga kilikua kwa sehemu humo humo. Lakini ulikuwa uhai wa kuazimwa. Gécamines, iliyoirithi kampuni hiyo, ilipoanguka katika miaka ya 1990, havikuanguka vibarua peke yake. Shule na zahanati vilianguka navyo, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 walilipwa waondoke. Aliyekuwa amepata kila kitu mlango mmoja alikosa kila kitu siku moja.

Fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake juu ya maisha ya namna hiyo, nao husahauliwa mno. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, alikusanya kwa Kiswahili cha Lubumbashi historia ya mji wa Elisabethville, ambayo Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na watu ambao riziki yao, na mara nyingi malazi yao, yalikuwa mikononi mwa bwana. Wasomi wameichambua lahaja yake na tahajia yake. Wachache wamejiuliza mji unaonekanaje kwa mtu ambaye makazi yake yanategemea kazi yake, ilhali swali hilo ndilo linalomkabili leo muuguzi wa Rogers Park anayeshauriwa kuhamia nyuma ya nyumba ya wazee anayofanyia kazi.

Kinyume chake ni Kariakoo. Jina hilo, Dar es Salaam kama lilivyo Nairobi, lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kazi ile ilikwisha zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na aliyeiajiri hayupo. Mtaa upo, na biashara, mpira na misemo yake imeenea nchi nzima. Ajira ilileta jina. Watu wakaleta mengine yote. Mtaa hudumu kuliko mwajiri, na mwenye busara hufunga mashua yake kwenye kinachodumu.

Katika Marekani ya leo hoja hii ina uzito zaidi. Sheria ya kazi huko, Illinois ikiwamo, kwa kawaida humruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi wakati wowote, mradi asivunje makatazo maalumu kama ya ubaguzi. Ghala hupunguza watu baada ya msimu wa sikukuu. Aliyehamia kando ya ghala hilo amefunga mkataba wa nyumba wa mwaka mmoja kwa ajili ya kazi isiyomwahidi hata wiki. Akiachishwa, hupoteza mshahara, na hujikuta pia katika mji asiokuwa na jamaa, asikokopesheka dukani, na ambako hakuna wa kumdokeza kwamba mahali fulani wanatafuta watu. Kule mtaani, habari ya kazi hupita mlango hadi mlango kabla haijatangazwa. Penye wengi pana mengi.

Lipo pia suala la lugha, na hapa lawama inawahusu wanazuoni wenyewe. Huandika makala ndefu wakisikitikia kufifia kwa Kiswahili kwa watoto wa ughaibuni, kisha jioni huwapongeza wapwa zao kwa kununua nyumba mahali ambapo hakuna msemaji mwingine kwa mwendo wa nusu saa kwa gari. Lugha ya sebuleni peke yake hugeuka lugha ya amri: njoo, kula, lala, vaa. Mtoto hujifunza kutii kwa Kiswahili na kufikiri kwa Kiingereza. Kutania, kupatana bei, kutoa pole, kugombana na kuombana radhi, vyote vinahitaji watu wasio wazazi wake, tena watu waliokutana naye bila miadi. Darasa la Jumamosi halitoshi, kwa kuwa darasani watu hufundishwa lugha na mtaani huihitaji. Jane Jacobs, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya miji ya Marekani, alieleza jinsi macho ya wapita njia na wenye maduka yanavyoulinda mtaa. Macho hayo hayo hulinda lugha, maana mtoto anayeweza kusikiwa na jirani huchunga adabu ya maneno yake.

Wapinzani wana hoja nzito, na haifai kuzikwepa. Bruno Frey na Alois Stutzer, wakitumia takwimu za Ujerumani, walionyesha kwamba watu wenye safari ndefu za kazini huridhika kidogo na maisha yao, na kwamba mshahara au nyumba bora haviwafidii kikamilifu. Robert Putnam, katika kitabu cha mwaka 2000, alikadiria kwamba kila dakika 10 zinazoongezwa kwenye safari ya kila siku hupunguza ushiriki wa mtu katika shughuli za jamii kwa asilimia 10. Hakuna sababu ya kuwakanusha. Barabara hula watu. Lakini asilimia 10 hukatwa kutoka kwenye kitu. Anayerudi amechoka katika mtaa wenye msiba wa jirani, kikao cha akina mama na duka lililo wazi hadi usiku amepunguziwa alichonacho. Anayefika mapema katika kitongoji kisicho na hata njia ya waendao kwa miguu amepewa saa nzima, na hana wa kuitumia naye.

Kwa hiyo safari ina mpaka wake. Saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, baada ya zamu ya usiku, huo si uchaguzi tena. Ni wizi wa maisha. Ila mwizi atajwe ipasavyo. Reli za Metra zilipangwa kuwaleta watu katikati ya jiji asubuhi na kuwarudisha nje jioni, na anayekwenda upande wa pili hupata treni chache, kisha hushushwa kituo kilicho mbali na lango la ghala. Wafanyakazi huziba pengo hilo wenyewe kwa kuchangiana gari na mafuta. Viongozi wa jumuiya wanaotumia nguvu zao kuwahimiza watu wahame wangezitumia kudai mabasi yanayofuata saa za zamu, na kuwadai waajiri wachangie usafiri wa watu wanaowahitaji. Na kodi zinapopanda kandokando ya ziwa, wangesimama na wapangaji wanaosukumwa nje, badala ya kuwasaidia kufungasha.

Mwenye kuombwa ushauri bado ana wajibu wa kuujibu. Asianze na umbali wa kazi, kwa kuwa huo ramani itausema. Amuulize anayetaka kuhama swali moja: kazi hii ikiisha Ijumaa, Jumamosi utaamkia kwa nani?