Si kila tumbo ni sumu: hospitali zituambie juu ya makovu ya ndani

Hapa Vuhovi, na hata kule Butembo mjini, mtu akishikwa na tumbo, akitapika, tumbo likivimba, jibu linakuja mbio: amepewa sumu. Jirani anatajwa. Mke mwenza anatajwa. Shemeji aliyepika sombe siku ya matanga anatajwa. Swali dogo ambalo lingeweza kuokoa maisha haliulizwi: je, huyu mtu alikwisha kupasuliwa tumbo?

Tunaliandika hili kwa sababu waliopasuliwa wamekuwa wengi kwetu. Mama waliozaa kwa sezarieni, vijana waliotolewa kidole cha tumbo, watoto waliotobolewa utumbo na homa ya tifoide, na watu waliopigwa risasi au kukatwa panga katika mashambulizi. Wengi wao si wenyeji wa hapa. Ni familia zilizokimbia Mukondi Machi 2023, ni wale waliotoka Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 na kupanda kuelekea Lubero na Butembo. Walipasuliwa mahali pengine, na mtu aliyewapasua hawatamwona tena.

Sasa sikilizeni namna mambo yanavyokwenda ndani ya tumbo. Matumbo yetu yamefunikwa na ngozi nyembamba, laini, yenye utelezi, ili yateleze moja juu ya jingine bugali linapopita. Daktari akifungua tumbo, ngozi hiyo inaumia. Inaumizwa na kisu, na kitambaa kikavu, na damu iliyobaki, na usaha. Mwili unapojitibu unatoa kitu kama gundi, na gundi ile ikikosa kuyeyuka katika siku chache za kwanza inageuka nyuzi. Utumbo unashikamana na utumbo, au na kizazi, au na ukuta wa tumbo. Madaktari wanaosoma Kifaransa wanaita aderansi. Sisi tuseme makovu ya ndani. Kwa juu kidonda kimepona, mgonjwa anavaa nguo yake vizuri, na hakuna anayeona kitu.

Karibu kila mtu aliyefunguliwa tumbo kwa upasuaji mkubwa anabaki na makovu hayo kwa kiasi fulani. Wengi hawasikii lolote hadi kufa kwao. Lakini kwa wengine uzi mmoja unakaba utumbo kama kamba inavyokaba shingo ya mbuzi, na hiyo inaweza kutokea baada ya mwezi mmoja au baada ya miaka 20. Huko Uskoti wachunguzi walifuata kumbukumbu za watu karibu 30,000 waliofunguliwa tumbo au nyonga mwaka 1986. Katika miaka 10, zaidi kidogo ya mmoja kati ya watatu alirudi hospitalini, wastani wa mara mbili, kwa shida iliyotokana au iliyoweza kutokana na makovu, au kwa upasuaji mwingine ambao makovu yangeweza kuutatiza. Hiyo ni Uskoti, nchi yenye barabara za lami, ambako kila mgonjwa ana kumbukumbu zake. Sisi tunahesabu wapi?

Lawama ya kwanza tunaipeleka hospitalini, na hatutaji jina la hospitali kwa sababu desturi hii imeenea kote. Mgonjwa anapasuliwa, anashonwa, nyuzi zinatolewa, anaambiwa lipa uende. Akikosa pesa anazuiliwa, wiki mbili, mwezi, hadi ndugu wauze mbuzi. Wengine wanatoroka usiku. Na katika kuzuiliwa kote huko hakuna anayekaa naye dakika 10 kumwambia: tulikata hiki, tuliacha hiki, ukiona dalili hizi rudi haraka. Faktire inaandikwa vizuri sana, hadi bei ya pamba. Lakini karatasi ya kusema kilichofanyika ndani ya tumbo la mtu haipatikani.

Tutajibiwa kwamba madaktari ni wachache na majeruhi ni wengi. Ni kweli, tunawaona, wengine wanalala hospitalini siku tatu mfululizo na mshahara haujafika. Lakini yale yanayopunguza makovu hayahitaji mashine ya mamilioni. Kushika matumbo polepole, kuyafunika kwa vitambaa vilivyoloweshwa badala ya vikavu, kuzuia damu vizuri, kusafisha usaha na damu kabla ya kufunga, kutoacha vipande vya nyuzi na pamba. Hayo yanafundishwa, na Butembo tuna kitivo cha tiba pale Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben. Kilichobaki ni msimamizi anayeyadai chumbani, kila siku, hata saa nane za usiku.

Na glavu. Unga ule unaowekwa ndani ya glavu ili zivalike haraka ukidondoka ndani ya tumbo unachochea makovu. Jambo hilo limejulikana miaka mingi, na Januari 2017 Marekani ilipiga marufuku glavu za unga kwa madaktari wake. Je, wanaotuletea misaada na wanaouza dawa wamekwisha kuuliza ni glavu gani wanazileta Kivu Kaskazini? Tunaomba wakubwa wa maeneo ya afya waangalie makartoni yao, waandike kwenye oda: zisizo na unga. Pale ambapo hazipo, zisuguliwe na kuoshwa kwa maji safi ya upasuaji kabla ya mkono kuingia tumboni, ingawa hiyo haiondoi unga wote.

Kuna pia vitambaa vya kuyeyuka na maji maalumu ambayo katika nchi tajiri yanawekwa tumboni ili kutenganisha matumbo yanapopona, na kuna upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ambao kwa kawaida unaacha makovu machache zaidi. Ni ghali. Hatutawadanganya wakimbizi wanaolala kwa familia za watu kwamba vitafika kesho.

Lawama ya pili ni yetu sisi wakaaji. Utumbo ukiziba, mgonjwa anapata maumivu yanayokuja na kuondoka kama ya kuzaa, anatapika, mwishowe anatapika maji ya kijani, tumbo linajaa kama ngoma, choo hakitoki wala upepo hautoki. Huyo ndiye tunayemnywesha majani ya kutapisha sumu! Huyo ndiye tunayemuingizia dawa za miti kwa njia ya nyuma, tunamkanda tumbo kwa maji ya moto, tunamfunga kitambaa. Utumbo uliokabwa ukisukumwa hivyo unaweza kupasuka. Ukikosa damu kwa saa kadhaa unaoza. Kisha anakufa, na familia inakwenda kuchoma nyumba ya bibi kizee jirani. Hivyo kovu moja linaleta vifo viwili.

Na wengi wangepona bila hata kisu. Mara nyingi utumbo uliozibwa na makovu unafunguka wenyewe mgonjwa akifika mapema: hapewi kitu mdomoni, anawekewa mpira puani hadi tumboni kutoa maji, anapewa serumu, anachungwa siku mbili tatu. Lakini maumivu yakiwa hayaachi, homa ikipanda, tumbo likikauka kama ubao, hapo kusubiri ni kuua, lazima apasuliwe. Daktari atakayempasua mara ya pili anaingia kwenye matumbo yaliyoshikamana, na akikata bila kujua anaweza kutoboa utumbo. Ndiyo maana ile karatasi si mapambo.

Wauza dawa za kuyeyusha makovu wanapita sokoni na chupa zao. Hakuna chai wala mizizi iliyothibitishwa kuyeyusha kovu lililokwisha kukomaa. Wakandaji nao wanasema mikono yao inafungua. Kweli mwaka 2012 wachunguzi walichapisha kwamba kukandwa mapema kulipunguza makovu tumboni, lakini ni kwa panya. Mama aliyetoka sezarieni si panya, na kidonda chake kibichi kinaweza kufunguka. Kuamka na kutembea mapema, hilo afanye kama muuguzi anavyomwambia. Linasaidia mapafu na damu, ingawa si kinga ya makovu.

Kuna jambo moja wanaume hawapendi tuseme. Makovu haya yanaweza kuziba mirija ya kizazi. Mwanamke alipasuliwa, au alikuwa na maambukizi ya chini ya tumbo yasiyotibiwa, kisha miaka inapita hapati mimba. Anaitwa mchawi, anarudishwa kwao. Wakwe zake wangeanza kwa kumpeleka kwa daktari pamoja na mume wake, maana mume naye huenda ndiye mwenye shida.

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kila mtoto wa Vuhovi alijua kunawa kwa maji ya klori, alijua dalili, alijua nani wa kuita. Ugonjwa ule uliua watu 2,287, na redio zilisema asubuhi na jioni hadi tukachoka. Basi tusiambiwe kwamba watu wetu hawafundishiki. Dalili nne za utumbo kuziba zinaingia katika tangazo la dakika moja, kwa Kinande na kwa Kiswahili.

Tunachodai ni karatasi moja kwa kila aliyepasuliwa tumbo, awe amelipa au bado anadaiwa: tarehe, kilichokatwa, kilichoshonwa, dalili za kurudi nazo. Familia ipige picha kwa simu na kuituma kwa ndugu aliye mbali, kwa maana nyumba zinachomwa. Asiye na simu aikunje ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi ya mpiga kura, mahali ambapo mkono unafika haraka wakati wa kukimbia.