Mtoto Anayefungua Redio



Katika nyumba nyingi za kwetu, mtoto akionekana na bisibisi mkononi na redio iliyofunguliwa mbele yake, huitwa mharibifu. Mimi niliitwa hivyo na fimbo nikala. Kusema kweli, redio ile haikupona. Hata hivyo naona mtoto huyo yafaa atengewe meza, wala asinyang'anywe bisibisi.

Huko Kenya yuko kijana wa Kimaasai, Richard Turere, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa baba yake karibu na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Simba walikuwa wakija usiku kuwaua. Alijaribu moto, haukufaa. Akasimamisha sanamu ya mtu. Simba wakaiogopa siku moja tu. Ndipo usiku mmoja akazunguka zizi na tochi, akafahamu kuwa simba waogopa taa inayotembea. Akatwaa betri kuukuu ya gari, sola ya kuichaji, balbu za tochi mbovu na flasha ya pikipiki, akafunga taa za kuwaka na kuzimika kuzunguka zizi. Alikuwa na miaka 11. Mwaka 2013 aliwaeleza watu habari hiyo huko California, akakiri kwamba zamani aliwahi kufungua redio mpya ya mama yake, na mama akakasirika mno. Kumbe hata yeye!

Likizo iliyopita nilijaribu jambo hilo nyumbani Mikumi, ambako fisi hulizengea zizi la mbuzi la babu. Vitu karibu vyote nilivipata kwa fundi pikipiki, katika vile anavyovitupa. Chombo cha kulehemu sikuwa nacho. Nilipasha kipande cha shaba katika jiko la mkaa, kama mafundi bati wa zamani. Nikafunga taa ndogo za tochi, nikawasha. Ziliwaka tu, hazikuzimika. Babu akacheka sana. Fundi ndiye aliyenieleza kwamba flasha ile ya kizamani hungoja umeme wa kutosha upite ndani yake ndipo ikate na kuunga, na taa zangu zilikunywa kidogo mno. Nikatia balbu mbili za indiketa, wati 10 kila moja. Zikafanya kazi vizuri, kisha zikafa kabla ya usiku wa manane.

Hapo nikatafuta daftari. Wati 20 ukigawa kwa volti 12 wapata ampea 1.7 hivi. Betri ni ya ampea-saa 5, na taa huwaka nusu ya wakati. Kwa hiyo hata betri mpya ingekaa saa 6 tu. Hesabu ya namna hii nimeipata darasani mara nyingi, bila kujua kwamba yahusu mbuzi. Sasa nimetia flasha ya taa za LED, nikarudisha taa zangu ndogo, nazo hufika alfajiri. Kama ni taa inayowafukuza fisi siwezi kuapa; mbuzi hawajapungua.

Wazazi huogopa umeme, na wana haki. Ule wa ukutani, wa volti 230, huua, na chombo kinachochomekwa huko mwanafunzi asikifungue peke yake. Betri ya volti 12 haina hatari hiyo, ingawa nyaya zake zikigusana huweza kuunguza. Kwa hiyo fyuzi ni lazima. Wengine husema tungoje tumalize kidato cha nne twende chuo cha VETA pale Mikumi. Chuo ni chema, lakini kwa nini tungoje?

Ninaloomba hapa shuleni Kilosa ni meza moja ya maabara, Jumamosi mchana. Kila mtu alete kitu kimoja kibovu, naye mwalimu wa Fizikia aseme kipi kifunguliwe. Mimi nitaleta ile redio ya baba. Spika yake bado ni nzima.