Tundu la Hewa Si Ufa



Wapenzi wasomaji, wengi wetu wa Mwambao tuna jamaa waliopelekwa na kazi, biashara au masomo katika miji ya Meru na Embu. Miji hiyo imekaa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na tangu Juni hadi Agosti baridi na manyunyu huko ni jambo la desturi. Nguo ambayo Mombasa hukauka kabla ya adhuhuri, huko yaweza kukaa kambani siku mbili na bado ikawa na unyevu. Ndipo jiko la makaa huingizwa chumbani, nguo za mtoto zikatandazwa kulizunguka, na madirisha yakafungwa.

Msimu kama huo mwaka uliopita tulimzuru binti yetu mmoja aliyeolewa Embu. Tulimkuta amejilaza, kichwa chamuuma na moyo wamchafuka, na mwanawe mchanga amelegea. "Ni baridi ya huku tu, shangazi," alituambia. Juu ya dirisha palikuwa na tundu la hewa ambalo kifuniko chake cha nje kilikuwa kimevunjika. Mvua ilipoanza kuingia, binti yetu alilijaza matambara. Jirani yake, mama mwenyeji wa papo hapo, alipokuja kutuamkia hakuketi. Alifungua mlango na madirisha, akatutoa sote nje, kisha akalitoa jiko. Mama na mtoto walipelekwa hospitali, nao walirejea salama, alhamdulillahi.

Kilichowadhuru hakikuwa baridi. Makaa yanapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hutoka hata makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha, na kwa hiyo wengi hudhani jiko limekuwa salama. Nguvu yake ya kushikamana na damu hupita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huumwa na kichwa, hupata kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Akilala katika hali hiyo, huenda asiamke tena.

Wahenga walituusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usia huo ni wa haki, lakini tundu la hewa si ufa. Ufa ni kasoro ya nyumba. Tundu ni pumzi yake. Kifuniko kikivunjika, kitengenezwe kifuniko, wala tundu lisizibwe.

Kazi yenyewe si kubwa. Kwanza, ondoeni kifuniko kilichoharibika, mkwangue masizi, utando wa buibui na viota vya ndege. Pimeni upana na urefu wa tundu lenyewe ukutani, msitegemee kipimo cha kifuniko cha zamani. Mwambieni fundi wa mabati awatengenezee kingine chenye vibao vilivyoinama kuelekea nje na chini, ili maji yateremke na hewa ipite. Kingo zake zizidi tundu kwa vidole viwili kila upande. Kikazwe kwa skrubu, kisha pembezoni pazibwe kwa simiti juu na ubavuni, na chini paachwe wazi maji yapate kutoka. Wavu wa matundu mapana hutosha kuzuia ndege na panya. Ule mwembamba wa mbu huziba upesi kwa vumbi na masizi, basi ukiwekwa usuguliwe kwa brashi mara kwa mara.

Fundi akichelewa, kipande cha bati kilichoinamishwa mfano wa ukingo wa paa kitakinga mvua kwa muda. Na kama nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba aelezwe mapema, kabla ya Juni. Wenye mashine ya kukaushia nguo nao wakague kifuniko cha bomba lake la nje: kibawa chake kifunguke mashine inapofanya kazi, wala kisiwekewe wavu, kwa kuwa nyuzi za nguo hunasa humo, joto likakosa njia, na moto ukazuka.

Kazi ikisha, washeni kijiti cha udi karibu na tundu huku dirisha limefunguliwa kidogo. Moshi ukivutwa kwenda nje, hewa inapita. Hata hivyo, tundu zima halihalalishi kulala na jiko. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikataza kuuacha moto ukiwaka majumbani wakati wa kulala. Jiko na litolewe nje kabla ya kulala, na mtoto afunikwe blanketi la ziada.

Na kama wawili au zaidi nyumbani wanaumwa na kichwa kwa wakati mmoja, na jiko limo ndani, msisubiri. Tokeni nje nyote, mwende hospitali, na mumweleze daktari habari ya jiko.

Juma hili, unapompigia simu binti au dada yako aliyeko bara, baada ya kumjulia hali muulize na hali ya tundu lake la hewa. Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.