Mbadala wa Nini?

Mafuta ya mimea huitwa "nishati mbadala", yaani badala ya petroli ichimbwayo na isiyorudi. Jina zuri, ila halitaji kinachoondolewa. Mwaka 2010 huko Dakatcha, karibu na Malindi, ulijadiliwa mradi wa kupanda mbono kaburi kwenye hekta 50,000. Hapo kilichokuwa kibadilishwe ni msitu na mashamba ya wenyeji. Mamlaka ya mazingira hatimaye iliukataa, na ilifanya vyema: mmea huo huota nyikani, lakini bila maji ya kutosha mbegu zake ni haba.

Muhoroni, katika miaka ya 1980, ethanoli ilitengenezwa kwa molasi, masalio ya viwanda vya sukari, ikachanganywa na petroli yetu. Hakuna aliyehamishwa shambani kwa ajili ya masalio. Mbona tusianzie hapo?